Ukiazima Shujaa, Azima na Mwiko Wake

Katika jengo la Posta Kuu ya Dublin, barabara ya O'Connell, ipo sanamu ya kijana anayekufa wima. Amejifunga kwenye jiwe refu asije akaanguka, kichwa kimemwinamia, na begani mwake ametua kunguru. Aliyeifinyanga ni Oliver Sheppard, miaka michache kabla ya uasi wa Pasaka wa 1916. Mwaka 1935 ikawekwa hapo iwe ukumbusho wa waliopigana na kufa katika uasi huo, kwa sababu posta hiyo ndiyo iliyokuwa makao makuu yao.

Mimi ni mzaliwa wa Lamu, na kwa sasa nafanya kazi katika maktaba ya umma hapa Ireland. Mgeni akinijia kutoka nyumbani, sanamu hii ndiyo ninayomwonyesha kwanza. Nilipompeleka mwanangu, alikuwa ameshaingia sekondari, nami nilijiandaa kumsimulia habari yote. Hakuningoja.

"Mama, huyu namjua! Huyu ni Lancer."

Lancer ni mhusika wa Fate/stay night, mchezo wa video uliotoka Japani mwaka 2004 na kuzaa katuni za televisheni, vitabu, filamu na mchezo wa simu uitwao Fate/Grand Order. Humo Lancer huvaa nguo za samawati zilizombana mwili na kushika mkuki mwekundu. Jina lake la kweli ni Cú Chulainn, husomwa karibu na Kuu Khulin, na ndiye huyuhuyu aliyefungwa kwenye jiwe pale posta.

Tangu hapo nimekuwa nikiwafuatilia ndugu zake. Rafu ya fantasia ya vijana naipanga mwenyewe, kwa hiyo wananipita mikononi kila siku: malkia wa kunguru, mfalme wa mkono wa fedha, jitu la jicho moja, watu wanaoishi chini ya vilima. Wengine wamehamia katika vitabu, wengine katika filamu na michezo ya video, na vijana wengi wanaowapenda hawajui kwamba walizaliwa hapa.

Katika kuwafuatilia nimeona jambo moja, nalo ndilo ninalotaka kulieleza. Katika hekaya za Ireland shujaa hapewi nguvu peke yake. Hufungwa mwiko, ambao kwa lugha yao huitwa geis: jambo moja au mawili ambayo yeye, na si mwingine yeyote, amekatazwa kuyafanya. Akiuvunja, amekwisha. Kisa chenyewe huwa ni habari ya namna dunia inavyomsukuma hadi mahali ambapo kila njia aliyobakiza inavunja mwiko. Waandishi wa leo walioazima jina na silaha tu wametupatia picha nzuri za kubandika ukutani. Walioazima na mwiko wametupatia watu.

Watawa na wino wao

Hekaya hizi zilisimuliwa kwa mdomo kwa karne nyingi kabla ya kuandikwa, na walioziandika ni watawa wa Kikristo. Miongoni mwa vitabu vikongwe vilivyobaki ni Lebor na hUidre, yaani Kitabu cha Ng'ombe wa Kijivu, kinachohusishwa na monasteri ya Clonmacnoise kando ya mto Shannon. Mmoja wa waandishi wake, Máel Muire, aliuawa na wavamizi papo hapo monasterini mwaka 1106. Kurasa zilizosalimika zinatunzwa na Royal Irish Academy mjini Dublin. Mwenzake, Kitabu cha Leinster cha karne ya 12, yuko Chuo cha Trinity, mwendo mfupi kwa miguu.

Mtawa mmoja aliyenakili hekaya ndefu kuliko zote katika Kitabu cha Leinster aliongeza mwishoni maneno ya Kilatini kusema kwamba yeye mwenyewe hasadiki mengi ya hayo. Hata hivyo aliyaandika yote, bila kuwasafisha miungu wa zamani wala kuwakatia mashujaa aibu zao. Kwa mfanyakazi wa maktaba kama mimi, huo ni uaminifu mkubwa kabisa. Tunaweza kuzungumza habari za mwiko wa Cú Chulainn leo kwa sababu mtu asiyeuamini aliona vyema usipotee.

Wataalamu wamezigawa hekaya hizo katika makundi manne. La kwanza ni la Tuatha Dé Danann, jamii ya miungu. La pili ni la wapiganaji wa Ulster, kaskazini. La tatu ni la Fionn mac Cumhaill na kikosi chake, Fianna. La nne ni la wafalme. Zilisomwa na wachache tu mpaka Lady Gregory alipozisimulia upya kwa Kiingereza, Cuchulain of Muirthemne mwaka 1902 na Gods and Fighting Men mwaka 1904, huku rafiki yake mshairi W. B. Yeats akizitungia tamthilia. Mwaka 1969 Thomas Kinsella akatoa tafsiri yake ya The Táin, ikiwa na michoro ya wino mweusi ya Louis le Brocquy. Kupitia vitabu vya namna hiyo, watunzi wa nchi nyingine wakaweza kuwafikia mashujaa hawa bila kujua neno la Kiairishi.

Siku za kivukoni

Cú Chulainn alipokuwa mtoto aliitwa Sétanta. Siku moja alialikwa karamuni kwa mhunzi Culann akachelewa, kwa kuwa alikuwa uwanjani akicheza mpira wa magongo, mchezo ambao watoto wa Ireland wanaucheza mpaka leo na kuuita hurling. Alipofika, mlango umefungwa na mbwa mkali ameachiwa uani. Mtoto akamuua mbwa. Mhunzi akalia, maana yule mbwa ndiye aliyekuwa usalama wa nyumba yake na mifugo yake. Sétanta akamwambia: mpaka mbwa mwingine akue, mlinzi wako nitakuwa mimi. Ndipo akaitwa Cú Chulainn, Mbwa wa Culann. Pamoja na jina ukaja mwiko: asile kamwe nyama ya mbwa. Na alikuwa na mwiko wa pili: asipite penye jiko la mtu akakataa anachokaribishwa.

Hebu itazame miiko hiyo miwili ikiwa imelala kando kwa kando. Mtunzi yeyote mwenye jicho ataona kwamba kifo cha mtu huyu kimeshaandikwa, kinangoja mpishi tu.

Kabla ya hapo ilikuja vita ya fahali. Malkia Medb wa Connacht na mumewe Ailill walikuwa kitandani wakibishana nani kati yao ana mali zaidi. Wakahesabu vyombo, pete, nguo, kondoo, farasi, nguruwe. Wakalingana, isipokuwa Ailill alikuwa na fahali mmoja mweupe wa pembe asiye na mfano. Medb akasikia kwamba yuko wa kumlinganisha naye huko Cooley, katika Ulster, akaondoka na jeshi zima kwenda kumchukua. Wanaume wa Ulster walikuwa chini ya laana iliyowalaza kwa uchungu wa uzazi. Aliyebaki ni Cú Chulainn, kijana wa miaka 17, akasimama kivukoni kupambana na jeshi, mtu mmoja mmoja.

Mwishowe Medb akamtuma Fer Diad. Huyu na Cú Chulainn walilelewa kisilaha pamoja, wote wawili wanafunzi wa Scáthach, mwanamke aliyefunza mashujaa huko ng'ambo. Walipigana siku kadhaa. Mchana walichanjana, jioni walitupa silaha, wakakumbatiana, na farasi wao wakalala katika zizi moja, na waendesha magari yao ya vita wakaota moto mmoja. Dawa zote alizoletewa Cú Chulainn, nusu alimpelekea mwenzake ng'ambo ya mto. Chakula chote alicholetewa Fer Diad, naye akampelekea nusu. Usiku waliponyana ili kesho wauane vizuri.

Jioni ya tatu hapakuwa na kukumbatiana, na siku ya nne ikawa ya mwisho. Cú Chulainn alikuwa na mkuki ambao Scáthach alimfundisha yeye peke yake, gae bolga: unarushwa kwa mguu ndani ya maji, unaingia mwilini kwa tundu moja, kisha ukifika ndani unafunguka miiba 30. Kwa huo alimuua rafiki yake. Kisha akambeba, akamvusha hadi upande wa kaskazini wa mto, maana hakutaka alale upande wa adui, akakaa naye akimlilia. Mji wa Ardee, katika kaunti ya Louth, jina lake limetokana na kivuko hicho cha Fer Diad.

Na mkuki huohuo ndio uliomuua mwanawe wa pekee, Connla. Mama yake, Aífe, alimlea ng'ambo, na baba alikuwa ameacha masharti kwamba mtoto asimtajie mtu yeyote jina lake, asimpishe yeyote, wala asikatae pambano. Mtoto akatii kila neno. Akafika pwani ya Ulster, akaulizwa jina, akakataa kulitaja. Na aliyetumwa kumzuia akawa baba yake.

Kifo cha Cú Chulainn kilikuja jinsi miiko ilivyotabiri. Vikongwe watatu wenye chongo walikuwa kando ya njia wakioka nyama ya mbwa, wakamkaribisha. Akikataa, amevunja mwiko wa jiko. Akila, amevunja mwiko wa jina lake. Alipokea kwa mkono wa kushoto, na nguvu za upande ule zikamtoka. Alipojeruhiwa baadaye vitani alijifunga kwenye jiwe ili afe amesimama, na maadui hawakuthubutu kumsogelea hadi walipoona kunguru ametua begani.

Mkuki uliofika Japani

Lancer wa Fate/stay night amepewa mkuki ambao hata kabla haujafika moyo umeshachomwa, na hilo vijana wote wanalijua. Mimi nampenda kwa jingine. Watunzi walimfanya mpiganaji mchangamfu, anayetaka pambano safi tu, kisha wakamfunga kwa kiapo cha utii chini ya bwana asiyestahili. Kila anapokwenda, amri za bwana huyo humzuia kupigana jinsi anavyotaka. Sura si ile ya Ulster, lakini fundo ndilo lile.

Aliyelifunga fundo hilo kwa ustadi zaidi ni Gen Urobuchi katika Fate/Zero, iliyoanza kutoka mwaka 2006. Yeye alimchukua Diarmuid, kijana wa kikosi cha Fionn, aliyekuwa na alama ya mapenzi usoni. Mwanamke akiiona hana budi kumpenda. Katika hekaya, Gráinne alikuwa akiposwa na Fionn, ambaye kwa umri angeweza kuwa babu yake. Kwenye karamu ya posa Gráinne akawanywesha wageni dawa ya usingizi, akamfunga Diarmuid mwiko kwamba lazima amtoroshe. Akibaki mwaminifu kwa bwana wake, anauvunja mwiko. Akiutimiza mwiko, anamsaliti bwana wake.

Akamtorosha. Miaka ikapita, naye na Fionn wakasuluhishwa. Kisha katika mlima wa Ben Bulben nguruwe pori akampasua Diarmuid tumbo. Fionn alikuwapo, na alikuwa na kipawa: maji yakinywewa kutoka viganjani mwake huponya. Akaenda chemchemini, akateka, akarudi, akamkumbuka Gráinne, maji yakapita kati ya vidole. Akateka tena, yakapita tena. Mara ya tatu mjukuu wake mwenyewe alimtisha kwa silaha, akayafikisha. Diarmuid alikuwa ameshakata roho.

Urobuchi alimfufua Diarmuid katika Japani ya miaka ya 1990, akampa bwana mpya, na bwana huyo akawa na mchumba, na mchumba akaiona ile alama. Diarmuid hakutaka kitu ila kumtumikia bwana mmoja kwa uaminifu, jambo alilolikosa katika maisha ya kwanza. Akalikosa tena, na mwisho bwana wake akamwamuru ajichome kwa mkuki wake mwenyewe. Mwanangu alipoitazama sehemu hiyo aliniuliza kwa nini wamemtesa bure mtu mwema. Nikamletea kitabu cha Lady Gregory, akasoma habari za maji na vidole vya Fionn. Hakuuliza tena.

Mwanamke wa mtoni

Aliyeazimwa sana kuliko wote pengine ni Morrígan, mungu wa vita, ajigeuzaye kunguru. Capcom walilitumia jina lake mwaka 1994 katika mchezo wa mapigano Darkstalkers kwa mwanamke mwenye mbawa za popo. Jina limevuka, Morrígan amebaki kwao.

Hekaya inasema alimjia Cú Chulainn akiwa msichana mzuri na kumtaka mapenzi. Kijana akamjibu vibaya. Basi alipokuwa katikati ya pambano kivukoni akamjia kama samaki mkunga akamzonga miguu, kisha kama mbwa mwitu, kisha kama mtamba wa ng'ombe mwekundu asiye na pembe. Mara tatu kijana akamjeruhi. Jioni, amechoka hoi, kiu imemshika, akamwona kikongwe anakama ng'ombe mwenye chuchu tatu. Akaomba maziwa. Kila chuchu moja ikampa kinywaji kimoja, na kila alipokunywa akamwombea kikongwe baraka, na kila baraka ikaponya jeraha moja alilomtia mwenyewe asubuhi. Bila kujua alikuwa amemponya adui yake kwa adabu ya kawaida ya mgeni aliyepewa maziwa.

Mchezo wa Dragon Age: Origins, uliotolewa na kampuni ya Kanada BioWare mwaka 2009, una mchawi aitwaye Morrigan, aliyelelewa kinamasini, mwenye kujigeuza wanyama. Usiku wa kuamkia vita ya mwisho anamjia mchezaji na mkataba: kulala na mmoja wa wapiganaji ili apate mimba, na kwa hiyo mpiganaji anayestahili kufa kesho apone. Waliosoma hekaya ya vita ya Mag Tuired watakumbuka jambo. Karibu na vita hiyo, Dagda, mungu mkuu mwenye rungu na chungu kisichokwisha chakula, alimkuta Morrígan mtoni anafua, mguu mmoja ng'ambo hii na mwingine ng'ambo ile. Wakalala pamoja, naye akamwambia adui watatia nanga wapi. Morrigan wa BioWare hana kunguru begani, lakini amekuja na kilicho chake hasa: msaada wenye bei, usiku wa kuamkia damu. Ndiyo maana wachezaji wanamkumbuka.

Kwa watoto wadogo zaidi, ninachokitoa rafuni ni The Hounds of the Morrigan cha Pat O'Shea, mwenyeji wa Galway, kilichotoka mwaka 1985. Humo watoto wawili, Pidge na dada yake Brigit, wanafuatwa na mbwa wa Morrígan kote magharibi mwa Ireland. Mbwa wamefungwa sharti: hawawezi kuwawinda watoto maadamu hawajaonekana wakikimbia. Mtoto wa miaka kumi analielewa sharti hilo mara moja, na kurasa zote zinazofuata anazisoma akiwa amejizuia kukimbia pamoja nao.

Mkono wa fedha, jicho la sumu

Tuatha Dé Danann walikuwa na sheria kwamba mfalme asiwe na kilema. Nuada mfalme wao alikatwa mkono vitani, akang'olewa kitini. Mganga Dian Cécht akamtengenezea mkono wa fedha uliokunja kila kiungo, lakini kiti kilikuwa kimeshachukuliwa na Bres, mtu bahili ambaye wageni wake walirudi makwao na njaa. Miach, mwana wa yule mganga, akamrudishia Nuada mkono wa nyama. Baba akaona wivu, akamuua mwanawe. Kaburini kwa Miach zikaota mitishamba 365, moja kwa kila kiungo na mshipa wa mwili. Dada yake Airmed akaipanga juu ya joho lake kila mmoja kwa kazi yake. Baba akalikung'uta joho, elimu ikatawanyika.

Katika vita ya pili Nuada aliuawa na Balor, jitu la jamii adui ya Fomori ambalo jicho lake likifunguliwa jeshi zima hulegea. Lugh, mjukuu wa Balor mwenyewe, akalipiga jicho kwa jiwe la kombeo likatokea kisogoni, likawatazama watu wake.

Guillermo del Toro alipotengeneza filamu ya Hellboy II: The Golden Army mwaka 2008, alimpa mwana wa mfalme jina la Nuada na mfalme jina la Balor, akawafanya mtoto na baba, na safari hii Nuada ndiye anayemuua Balor. Mkono wa fedha umegeuka mkuki wa fedha. Amepindua kila kitu, ila amekihifadhi kilema: Nuada wake ni mwana wa jamii inayokwisha, aliyejitenga na kiti, asiyeweza kukirudia bila kumwaga damu ya kwao. Hata anapokuwa adui, mtazamaji humwonea uchungu.

J. R. R. Tolkien naye alimjua Nuada kitaaluma. Mwaka 1932 alichapisha uchunguzi wa jina la mungu Nodens, lililopatikana katika magofu ya hekalu huko Lydney, Uingereza, akalihusisha na la Nuada. Wachezaji wa Dungeons & Dragons nao hukutana na majitu yaitwayo fomorian na firbolg, majina ya jamii za kale katika hekaya hizi; katika mchezo huo yamebaki kuwa aina za viumbe, bila madeni wala makosa yao.

Waliokwenda chini ya vilima

Katika kaunti ya Roscommon, sehemu iitwayo Rathcroghan, kuna pango linaloitwa Oweynagat. Hapo ndipo ilipokuwa ikulu ya Medb kwa mujibu wa hekaya, na pango ndilo maskani ya Morrígan. Nilikwenda siku ya mvua. Unapita kichochoro cha shamba, ng'ombe wanakutazama, kisha unaona tundu chini ya mti wa miiba, dogo kiasi kwamba nilidhani ni la mnyama. Unaingia kwa magoti na mikono. Juu ya mlango wa ndani kuna jiwe lililochongwa kwa mistari ya Ogham, maandishi ya kale ya kisiwa hiki, nayo yanamtaja Fraech mwana wa Medb. Nililigusa kwa kidole. Mbele yake ujia uliojengwa kwa mawe unakwisha na ufa wa asili unaanza, tope hadi vifundoni na giza tupu. Husimuliwa kwamba usiku wa Samhain, mwanzo wa baridi, ambao ndio asili ya Halloween, viumbe walitoka hapa kuja duniani.

Hekaya zinasema Tuatha Dé Danann waliposhindwa na mababu wa watu wa leo, nchi iligawanywa: walioshinda wakapata juu, walioshindwa wakapata chini. Peadar Ó Guilín ameijengea dhuluma hiyo riwaya ya kutisha, The Call, iliyotoka mwaka 2016. Watu wa chini wanawachukua vijana wa Ireland mmoja mmoja. Kijana anapotea duniani kwa kama dakika tatu, na huko anawindwa siku nzima. Shujaa wake ni Nessa, msichana ambaye polio imemdhoofisha miguu, katika nchi ambayo kila mtu anafunzwa kukimbia. Na adui zake wana haki yao: waliporwa.

Kwa upole zaidi, studio ya Cartoon Saloon ya Kilkenny ilitoa filamu Song of the Sea mwaka 2014, chini ya mwongozaji Tomm Moore. Msichana Saoirse hasemi, na ni nusu sili wa baharini. Jitu Mac Lir lililia mpaka mama yake, Macha, akalichukulia huzuni yake kwa huruma, likageuka kisiwa cha mawe. Macha amekuwa bundi mchawi anayefungia huzuni za watu katika chupa. Filamu haimwiti mwovu. Inasema tu kwamba mama asiyestahimili machozi ya mtoto anaweza kumgeuza jiwe. Ningependa kila mzazi aitazame.

Watoto waliotumwa kuuliza

Kuna kazi moja ya watu wa hapa ninayoitamani sana kwa ajili ya kwetu. Kati ya mwaka 1937 na 1939 serikali iliwapa wanafunzi wa shule za msingi madaftari, ikawaagiza wakawaulize wazee wa nyumbani na vijijini habari za kale: hekaya, dawa, visima, mizimu, michezo. Watoto wapatao 50,000 walishiriki. Kilichokusanywa ni kurasa zipatazo 740,000, zinatunzwa University College Dublin, na siku hizi mtu yeyote anaweza kuzisoma kwenye intaneti, kwa mwandiko wa watoto wenyewe. Mtunzi wa filamu au mchezo akitaka kujua watu wa kijiji fulani walimwogopa nani usiku, jibu lipo.

Sisi wa mwambao tuna Fumo Liyongo. Utenzi wake aliuandika Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, na mimi nilimsikia kwa nyanya kabla sijamsoma. Nikiwa pale posta ya Dublin siwezi kumtazama yule kijana wa jiwe bila kumkumbuka. Liyongo hapenywi na mshale wala mkuki, ila na sindano ya shaba kitovuni. Mwanawe alidanganywa na mfalme wa Pate kwa ahadi ya kuozwa bintiye, akamwuliza baba siri yake, akamchoma usingizini. Liyongo akaamka, akachukua upinde, akaenda akapiga goti kisimani, mshale mkononi, akafa vivyo hivyo. Watu wakaona kiu siku nyingi. Hawakuthubutu kuteka maji wakidhani yu hai. Mashujaa wawili, mmoja amemuua mwanawe, mwingine ameuawa na mwanawe, na wote wawili wafu wameogopwa.

Vijana wetu wanachora vizuri. Nimeona michoro ya Liyongo akiwa na kifua kipana na upinde mkubwa kuliko yeye, na naifurahia. Lakini Wajapani hawakumfanya Diarmuid apendwe kwa sababu ya mikuki yake miwili. Kwa hiyo, wewe unayetaka kumleta Liyongo katika riwaya, katuni au mchezo wa simu, uache upinde kwanza. Anza na mwanawe: mpe umri, mpe sauti, tujue alichoahidiwa Pate na kilichompitia moyoni alipokuwa njiani kurudi kwa babaye na sindano. Ukimpata huyo, upinde utajichora wenyewe.